Mgongo Chini ya Mchanga

Kiwayu, 17 Mfungo Tano 1330
(6 Februari 1912)

Kwa Bi Umulkheir binti Jeilani, binti wa ami yangu, Langoni, Amu.

Salamu zikufikie wewe na mama yetu Bi Hindu. Mimi ni mzima, ila nyayo zangu si nzima. Ulinitaka nikuandikie kila kitu, hata cha upuuzi, kwa hiyo nanakili kutoka daftari langu la kila siku nisije nikasahau.

Tulifika tarehe 12. Mzungu aliyeniajiri ni mtu wa makamo, mrefu, ngozi ya pua imembabuka. Watu wa hapa walidhani atauliza habari za bandari na njia za manowari. Alipoanza kuuliza majina ya konokono walistaajabu, wakampa jina: Bwana Miamba. Anachora ramani ya chini ya bahari. Si ya kupitishia meli. Anataka kujua ni kiumbe gani anakaa wapi, na kwa nini anakaa hapo na si kwingine.

Kazi yenyewe ni hii. Siku za bamvua, maji yanapokupwa kabisa, tunatandika kamba kutoka nchi kavu mpaka ukingo wa maji. Kamba ina fundo kila pima moja, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Penye kila fundo nasimama na kuandika: jiwe ni la aina gani, limeinamia upande gani, lina nyufa ngapi, na nani anakaa humo, chaza, kaa, pweza, au majani tu. Bwana anasema jiwe halikomi pale maji yanapoanza. Linaendelea chini, na wakazi wake wanaendelea nalo. Mtu akiisoma pwani kwa makini anaweza kuchora asichokiona.

Kisha tunapanda mashua na kuhakikisha kwa bildi, ile risasi nzito ya kupimia kina. Tako lake tumelipaka mafuta ya kondoo. Likirudi na mchanga, chini ni mchanga. Likirudi safi tena limekwaruzwa, chini ni mwamba.

Mwenyeji wetu ni Barka, mzamiaji. Anatucheka kutwa. Jana alinichungulia begani nikiandika, akasema, "Karani, wauliza mawe wakazi wao ni nani? Niulize mimi, mimi nawala."

Ulilonituma tulipoagana uani sijalisahau. Uliniuliza chini ya maji ya rasi ya kaskazini, pale mtepe, chombo cha mumeo Famau, ulipoonekana mara ya mwisho, kuna nini. Hatujafika huko. Tutafika bamvua ijayo, inshallah.

Siku za maji mafu, yasipokupwa sana, sina kazi. Nakaa, nachonga kalamu, nakumbuka kahawa ya kwenu.

Ndugu yako,
Badawi bin Hamdun

*

Amu, Langoni, 25 Mfungo Tano 1330

Ndugu yangu Badawi,

Barua yako ilifika na mchanga ndani yake. Mama alitaka nimsomee yote, nikamsomea. Nilipomaliza akasema, "Kijana huyu haandiki barua, aandika mawe. Ataoa mwamba, na harusini tutalishwa chaza." Halafu akataka nimsomee tena pale pa pua ya mzungu.

Nakwambia habari ya huku, na hii sikumsomea mtu. Wiki iliyopita alikuja mtu kutoka Mukalla, Arabuni, akakaa barazani kwa jirani yetu, akasema amemwona Famau. Ana duka la kamba, ana mke, ana watoto wawili. Ni mtu wa tatu kusema hivyo katika miaka saba. Wa kwanza alisema mtoto mmoja. Kumbe huko aliko mume wangu anazaa vizuri.

Watu wanaamini, nami siwalaumu. Mabaharia wake wawili walikuwa watu wa Mukalla. Siku ile bahari ilikuwa shwari. Na wanahodha wote wa Amu wanasema maji ya rasi ile ni marefu na chini ni mchanga mtupu, mwamba wa pwani unaishia ufuoni. Chombo hakivunjiki juu ya mchanga siku ya shwari. Basi hakuzama, basi aliondoka kwa hiari yake. Hesabu yao ni fupi hivyo.

Nilikwenda tena kwa kadhi, na mama akiwa nami. Alinisikiliza kwa upole. Alisema, "Nileteeni wanaume wawili waadilifu walioona kwa macho yao mahali mtepe ulipozama, nitahukumu kuwa amekufa, nawe utakaa eda. Bila ya hivyo wewe ni mke wa mtu." Nina miaka ishirini na saba. Naitwa mke, sina mume. Naishi kama mjane, sina kaburi la kuombea.

Badawi, si eda tu ninayoitaka. Nataka kujua kama aliniacha. Asubuhi ile alikuwa akicheka. Nimeirudia asubuhi ile mpaka imechakaa, na bado sijui kama nilichekewa au nilichekwa.

Nijibu kuhusu ile rasi, hata kama jibu ni mchanga.

Umulkheir

*

Kiwayu, 5 Mfungo Sita 1330
(23 Februari 1912)

Bi Umulkheir,

Si mchanga.

Nakueleza kwa taratibu ili umweleze mtu mwingine akikuuliza. Upande wa kusini wa rasi kuna mwamba wa rangi ya kutu, mgumu, umeinama kuelekea baharini kama paa la makuti. Nyufa zake zote zinaelekea kaskazini mashariki, na ndani yake wanakaa chaza wa aina moja ambao hatukuwaona mahali pengine kisiwani. Ukitembea unaukuta unaingia chini ya ufuo wa mchanga na kupotea. Mtu yeyote angesema umekwisha, na ndivyo wanahodha walivyosema.

Bwana Miamba hakusema hivyo. Alinitaka nilete vipimo vyangu vyote vya mwinamo, siku nne za kazi, akavipanga juu ya karatasi, akapiga mstari kutoka pwani kwenda baharini. Akaniambia, "Mwamba huu umelala chini ya mchanga, kisha unainuka tena. Hapa." Akatia nukta kwa penseli, mbali na nchi, mahali ambapo wavuvi wote hupita bila kutazama chini.

Jana tulikwenda. Bildi ilishuka pima kumi na moja, mchanga. Tukasogea, pima kumi na moja tena. Barka akaanza kuimba. Tukasogea kidogo tu, na bildi ikagonga kwenye pima tatu. Ilirudi safi, imekwaruzwa. Barka aliacha kuimba. Alisema, "Miaka arubaini napita hapa. Nilikuwa nikipita juu ya mgongo wa nani?"

Basi pana mgongo wa jiwe, mwembamba, mrefu, na siku za bamvua maji yakipwa huwa pima tatu juu yake, na penye ncha huenda hayafiki hata moja. Mtepe mzito ungeweza kuukwaa hata siku ya shwari, na zaidi siku ya shwari, maana hakuna wimbi la kuuonyesha.

Usimwambie kadhi bado. Mwamba si ushahidi wa chombo. Nijibu swali moja: Famau aliondoka mtupu kwenda Barawa kuchukua samli, sivyo? Alitia farumi gani ya kukipa chombo uzito, mawe ya wapi? Mimi wakati huo nilikuwa skuli Unguja. Nilirudi nikakuta halua ya harusi yenu imekwisha na yeye amekwisha kusafiri.

Badawi

*

Amu, Langoni, 11 Mfungo Sita 1330

Ndugu yangu Badawi,

Nimeisoma barua yako nimesimama.

Farumi yake ilikuwa nyumba yetu. Wewe hukuwapo, kwa hiyo hukuona. Mvua ya mwaka ule iliuangusha ukuta wa ndani wa nyumba ya babu, ule wenye zidaka, vishubaka vya kuwekea vyombo, uliotangulia kujengwa kabla ya mama kuolewa. Mawe ya tumbawe yaliyochongwa yalilala uani miezi miwili. Famau alihitaji uzito wa kuutuliza mtepe, akaniambia, "Kwa nini ninunue mawe na mke wangu ana mlima?" Alichukua yote. Mama alilia, kwamba ukuta uliomwona akiwa bibi harusi unakwenda baharini. Famau akamwambia, "Mama, ni farumi tu. Yakwenda, yarudi."

Yamechongwa ua la majani manane, na pembeni yake ukingo kama kamba iliyosokotwa. Ua moja nililivunja mimi utotoni, jani la juu, kwa kijiti cha chuma. Ulikuwapo siku hiyo. Ulisema ni wewe, ukachapwa.

Kwa nini unauliza? Nadhani najua kwa nini unauliza. Usinifiche.

Kesho ni Maulidi. Watu wamejaa mjini mpaka ndia za nyuma hazipitiki. Mama alitandika kitanda cha chumba cha juu kwa ajili yako, nami nikamwambia hutakuja, akasema, "Nyamaza, ametandikiwa yeye, hukutandikiwa wewe." Kitanda bado kimetandikwa.

Umulkheir

*

Kiwayu, 19 Mfungo Sita 1330
(8 Machi 1912)

Bi Umulkheir,

Barua yako ilifika. Asante kwa maelezo.

Bamvua hii tulipima upande wa mashariki. Kamba kumi na mbili, mafundo mia mbili na arubaini. Jiwe ni laini zaidi, limejaa mashimo, wakazi wake ni kaa wadogo na majani mekundu. Mbele yake nyasi za bahari, ambamo samaki chafi hula. Bwana amezipaka rangi ya kijani kwenye ramani.

Sikuweza kuja Maulidi, uniwie radhi. Mwambie mama asiutandue mto.

Pepo zinaanza kubadilika. Nisalimie wote.

Badawi

*

Amu, Langoni, 27 Mfungo Sita 1330

Badawi,

Nilikuuliza swali moja, ukaniletea kaa wadogo.

Nimekaa na barua yako siku tano. Nimeigeuza nyuma nikidhani umeandika huko. Mtu anayeandika mafundo mia mbili na arubaini hasahau kujibu. Amekataa kujibu.

Basi mimi ninajijibu. Mlishuka mkakuta hamna kitu. Mgongo upo, mtepe haupo. Aliupita salama, akaenda Mukalla, na yule mtu wa barazani alisema kweli. Nawe unanionea huruma. Ama kuna jambo baya zaidi, umepata habari zake huko huko kutoka kwa mabaharia, yu hai, na unatafuta namna ya kuniambia.

Kama yu hai, sema. Kama ana watoto wawili, sema ni wawili. Nilizoea kuhurumiwa na Langoni nzima, sikuzoea kuhurumiwa nawe. Mama ameniona nimekaa ngazini sijala, akasema, "Karani kaandika nini leo?" Nikasema mawe. Akasema, "Mawe hayamlizi mtu." Nikaondoka.

Nijibu neno moja. Sitaki rangi ya kijani.

Umulkheir binti Jeilani

*

Kiwayu, 4 Mfungo Saba 1330
(23 Machi 1912)

Bi Umulkheir,

Famau amekufa. Hakukuacha. Ningepaswa kukuambia siku kumi na saba zilizopita, na kosa la kutokuambia ni langu peke yangu. Sasa nakueleza kwa mpango.

Tarehe 17 Mfungo Sita, maji yalipokupwa, nilikwenda na Barka penye mgongo. Bwana alibaki pwani na homa. Barka alizama kwanza, akakaa chini muda mrefu, akapanda, akaniambia, "Pana mawe juu ya mwamba ambayo si ya mwamba. Ndoo, shuka uone." Nikamwambia mimi si mzamiaji. Akasema, "Nani kakuambia uzame? Shika jiwe, jiwe litazama. Wewe fuata tu." Akanifunga kamba kiunoni.

Mara ya kwanza sikuona kitu ila povu langu. Mara ya pili nilikunywa maji, Barka akacheka mpaka akakaa. Mara ya tatu nilifumbua macho nikaona.

Umulkheir, mtepe hauna hata msumari mmoja. Umeshonwa kwa kamba, na kamba ikioza mbao huenda zao. Kinachobaki ni farumi. Mawe yamelala juu ya mgongo kwa umbo la chombo, membamba mbele, mapana katikati, membamba nyuma, kama yaliyopangwa. Ningeyaona miezi miwili iliyopita nisingejua. Lakini sasa nalijua kila jiwe la kisiwa hiki kwa rangi na kwa nyufa zake, na yale hayakuzaliwa pale. Niliyagusa. Yamechongwa. Majani nilihesabu kwa vidole, manane. Katika moja jani la juu halipo.

Katikati ya rundo anakaa samaki tewa, mkubwa. Matumbawe mapya yameota kwenye ukingo wa kamba iliyosokotwa, na samaki wadogo wanaingia na kutoka katika zidaka. Barka anasema mkondo wa pale hutoka nje, haumrudishi mtu pwani. Famau alikuwa na haraka ya kufika na kurudi, akaikata kona ya rasi, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua kuwa pana mwamba.

Sasa kwa nini nilinyamaza.

Walioona ni wawili tu: Barka na mimi. Bwana hakushuka, wala si Mwislamu. Wazamiaji wengine wa hapa wako Kismayu msimu huu. Baada ya mwezi mmoja kusi itaanza na maji yatachafuka, hakuna atakayeweza kuona kitu pale mpaka Mfungo Pili, miezi saba kutoka sasa. Kwa hiyo shahidi wa pili ni mimi, au ni kungoja.

Nawe unajua, kadhi kabla ya kumsikiliza shahidi humuuliza: je, una faida yako katika jambo hili? Ushahidi wa mwenye faida haupokelewi. Kwangu mimi ataliuliza mara mbili, maana amesikia yanayosemwa Langoni tangu niliporudi.

Nimejaribu kulijibu swali hilo hapa, peke yangu, juu ya miamba, kwa sauti. Neno ni "sina." Ni neno fupi. Siku kumi na sita halikutoka.

Zaidi ya hapo siwezi kuandika. Kwa sheria wewe bado ni mke wa mtu, nami naujua mpaka.

Lakini nimejizoeza, na jana lilitoka. Ukiniambia nije, nitakuja na Barka, nitashika msahafu na kusema sina haja yoyote, na nikishasema nitaufanya ukweli. Sitakuwa mtu wa kuapa Jumatatu na kuposa Ijumaa. Bwana anakwenda kupima Ras Kiamboni, kisha kusini mpaka Mtang'ata, kazi ya miaka mitatu, na ameniomba niende naye. Wewe utapata hukumu yako kabla ya mwezi mwingine kuandama.

Neno ni lako. Nimeshatia nguo kwenye mkoba, kwa vyovyote utakavyosema.

Badawi bin Hamdun

*

Amu, Langoni, 12 Mfungo Saba 1330

Kwa Badawi bin Hamdun,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa ajili ya Famau.

Nilimsomea mama nusu ya kwanza, mpaka penye tewa. Alijifunika kanga kichwani. Kisha akasema, "Nami nilimwapiza kila Ijumaa. Miaka saba. Kijana wa watu amelala chini na ukuta wangu, na mimi namwapiza." Akatawadha, akamsomea Yasini, nami nikakaa nyuma yake. Nililia kama mtu aliyefiwa siku ile ile, na kwangu ilikuwa siku ile ile kweli. Ile asubuhi alikuwa akicheka kwa sababu alikuwa na furaha. Basi. Ni jambo dogo kujua, na tangu nilijue napumua mpaka chini.

Mungu amrehemu. Nakushukuru kwa kushuka, wewe uliyekuwa ukiogopa kisima cha nyumbani.

Sasa nusu ya pili.

Usije. Usiape.

Nimefikiri siku tatu, si kwa hasira. Ukiapa, kadhi atahukumu, nami nitakuwa huru kwa kila mwanamume wa Amu ila mmoja. Huo si uhuru niliokwenda kuuomba pale mara nne na buibui langu na mama yangu. Wewe unaujua mpaka wa maneno, nami naujua, kwa hiyo naishia hapo, na wewe usiniulize zaidi mpaka siku itakapokuwa halali kuuliza.

Hivi ndivyo tutakavyofanya. Mwambie Barka amtafute mzamiaji wa pili miongoni mwao, mtu mwadilifu asiyenijua mimi hata jina. Kusi ikiisha na maji yakitulia, washuke wote wawili, waone wenyewe, wayahesabu majani ya ua bila ya kuambiwa ni mangapi. Walete na jiwe moja, mama atalitambua mbele ya kadhi. Siku hiyo wewe usionekane mjini. Kwa kadhi jina lako lisitajwe, hata kwa salamu.

Kwa hesabu yangu ni miezi saba mpaka maji yawe safi. Baada ya hukumu kuna eda, miezi minne na siku kumi, na nitaikaa yote, sitapunguza hata siku moja, maana ni haki yake na alingoja kuipata. Jumla inakaribia mwaka. Toa nguo kwenye mkoba. Au nenda na Bwana wako Ras Kiamboni, kazi ni kazi, ila Mtang'ata mwambie huwezi.

Wanawake wa mtaani wataniuliza nangoja nini tena. Sitawajibu. Miaka saba nilikuwa nikipanda darini nisijue pa kuelekeza uso, nikatazama kusini, nikatazama mashariki, nikashuka. Jana nilipanda, nikatazama kaskazini, iliko Kiwayu, nikakaa.

Umulkheir